Krediti si mkopo: jinsi ya kudai pesa zako za kodi ya jimbo ukiishi Minnesota

Kila mwaka Januari inapokaribia kwisha na W-2, zile karatasi za mwajiri zinazoonyesha mshahara wa mwaka, zinapoanza kuingia kwenye masanduku ya barua, simu yangu haitulii. Maswali ni yale yale ya mwaka jana na mwaka juzi. "Mimi sidaiwi kodi, nijaze hiyo fomu ya kodi, ritani, ya nini?" "Mtoto wangu hana nambari ya Social Security, naambiwa hahesabiki." "Hiyo krediti nitaanza kuilipa lini?" Nimeyajibu kanisani, nimeyajibu kwenye maegesho ya magari mikono ikifa ganzi kwa baridi, nimeyajibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika saba. Safari hii nimeandika. Ukinipigia nitakutumia hii kwanza, halafu tuongee.

Mwongozo huu ni wa anayeishi Minnesota, awe Brooklyn Park, St. Cloud au Rochester. Kila jimbo la Marekani lina sheria yake ya kodi, na mengine kama Texas hayatozi kabisa kodi ya mapato ya jimbo. Usichukue haya ukamshauri shemeji yako aliye Dallas.

Maswali yameongezeka kwa sababu sheria imebadilika sana. Tarehe 24 Mei 2023 Gavana Tim Walz alitia saini sheria kubwa ya kodi. Ilianzisha krediti ya watoto ya jimbo, ikaongeza krediti ya gharama za shule, ikawaondolea wazee wengi kodi ya jimbo kwenye malipo yao ya uzeeni ya Social Security, tena ikabadilisha namna wapangaji wanavyodai fedha zao. Kwa hiyo yule mzee wa mtaa aliyekufundisha kodi mwaka 2019 anaweza kuwa mkweli kabisa na bado akakupoteza.

Nadharia ni hii tu

Kuna njia mbili ambazo sheria hukupunguzia kodi. Ya kwanza ni kuyaondoa mapato fulani kwenye hesabu, yaani fedha umezipata lakini kwa kodi zinachukuliwa kama hazipo. Ya pili ni krediti, ambayo huja mwishoni, kodi ikishapigwa hesabu, ikapunguza kodi yenyewe. Ngazi ya chini kabisa ya kodi ya mapato Minnesota ni asilimia 5.35. Ukiondolewa mapato ya dola 1,000 katika ngazi hiyo, umeokoa dola 53 na senti 50. Ukipewa krediti ya dola 1,000, umeokoa dola 1,000 nzima. Na krediti nyingi nitakazozitaja hapa hulipwa hata kama kodi unayodaiwa ni sufuri: jimbo linakutumia hundi au linakuwekea benki.

Krediti si mkopo. Najua neno linachanganya, maana kwetu mtu akisema krediti tunafikiria deni la dukani. Hii hailipwi, haina riba, wala haigusi alama zako za mikopo. Mama mmoja niliyemsaidia alikuwa ameiacha miaka miwili mfululizo kwa kuogopa deni.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Usikae mezani bila hivi. Ukianza nusu nusu utarudi mara tatu.

- W-2 za kazi zote ulizofanya mwaka huo, hata ile ya wiki mbili uliyoacha. Wengi wetu tuna kazi mbili au tatu, na ile ndogo ndiyo husahaulika.
- Fomu za 1099 kama ulifanya kazi ya kujitegemea, ulipata riba benki au uliendesha Uber.
- SSA-1099 kwa mzee anayepokea Social Security.
- Kadi za Social Security au barua za ITIN (nambari ya kodi ya asiye na Social Security) za kila mtu atakayeandikwa, watoto pia. Kadi yenyewe, si nambari uliyoishika kichwani.
- CRP kutoka kwa mwenye nyumba. Ni karatasi inayoonyesha pango ulilolipa mwaka mzima, na anatakiwa kukupa kufikia tarehe 31 Januari.
- Risiti za gharama za shule za watoto.
- Nambari ya akaunti ya benki iliyo kwa jina lako. Si ya binamu.
- Ritani ya mwaka uliopita, kama uliwasilisha.

Hatua kwa hatua

1. Jaza ritani ya shirikisho kwanza, hata kama hutaituma

Ritani ya Minnesota, fomu M1, mstari wake wa kwanza unachukua mapato yaliyorekebishwa kutoka ritani ya shirikisho, fomu 1040. Huwezi kuruka. Nimeona watu wakianza na M1 kwa sababu wanachotaka ni fedha za jimbo, wanakwama mstari wa kwanza.

Kosa linalouma zaidi liko upande wa pili: mtu anajaza ya shirikisho, anapata marejesho yake, anashangilia, basi. Ya jimbo haendi. Krediti za Minnesota hazikufuati nyumbani. Usipojaza M1 na viambatanisho vyake, jimbo halina habari kama una watoto.

2. Ondoa mapato yasiyostahili kutozwa

Hapa pana fedha ambazo watu wetu wanaziacha kwa wingi, kwa hiyo soma polepole.

Unamtunza mama mkwe au mtoto mwenye ulemavu, mnaishi nyumba moja, na unalipwa kupitia mpango wa Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) wa kutunza wagonjwa nyumbani? Tangu mwaka 2014, kwa tangazo nambari 2014-7 la IRS, mamlaka ya kodi ya shirikisho, malipo ya aina hiyo hayatozwi kodi ya mapato ya shirikisho. Na kwa kuwa Minnesota huanzia kwenye hesabu ya shirikisho, yakitoka kule yametoka na huku. Sharti kubwa ni kwamba wewe na unayemtunza muishi nyumba moja. Ukiendesha gari kila asubuhi kwenda kumtunza mtu kwake, huo ni mshahara wa kawaida.

Shirika linalokulipa linaweza kuwa limeshayaondoa, na utaona kwenye W-2 kisanduku cha 1 kikiwa na kiasi kidogo au sufuri, na kisanduku cha 12 kikiwa na herufi II. Kama hayakuondolewa, yanaandikwa kisha yanatolewa kwenye Schedule 1, kiambatanisho cha fomu 1040. Wengi hapa wanafanya kazi ya PCA, mpango wa jimbo wa kumsaidia mtu nyumbani, ambao Oktoba 2024 ulianza kuhamishiwa mpango mpya uitwao CFSS. Uliza shirika lako malipo yako yamehesabiwa vipi kabla ya kujaza chochote. Jambo moja zaidi: mwaka 2019 mahakama ya kodi ya Marekani iliamua, katika kesi ya Feigh, kwamba malipo haya yanaweza kuhesabiwa kama mapato ya kazi ili upate krediti za shirikisho, hata kama hayatozwi kodi. Unachagua kuyahesabu yote au kuyaacha yote, huruhusiwi kumega. Piga hesabu zote mbili uone ipi inakufaa.

Kwa wazee: kwa mwaka wa kodi 2023, wanandoa wenye mapato yaliyorekebishwa yasiyozidi dola 100,000, au mtu mmoja asiyezidi dola 78,000, waliruhusiwa kuondoa Social Security yao yote kwenye kodi ya Minnesota. Viwango hivyo hupandishwa kufuatana na mfumuko wa bei. Ukivuka kidogo hupotezi vyote, hupungua kidogo kidogo. Hii huandikwa kwenye fomu M1M. Wauguzi waliokuja hapa miaka ya 1990 sasa ndio wanaanza kustaafu, na bado nakutana na ritani ambazo mstari huo uko mtupu.

3. Dai krediti ya watoto, fomu M1CWFC

Hii ndiyo kubwa. Ni dola 1,750 kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 18 mwisho wa mwaka, bila kikomo cha idadi ya watoto. Huhitaji kuwa na mapato ya kazi. Mama asiye na kazi kabisa, mwenye watoto wanne, anastahili dola 7,000.

Usichanganye na krediti ya watoto ya shirikisho. Zinafanana jina, masharti ni tofauti:

- Shirikisho linakomea mtoto wa miaka 16. Minnesota inamchukua hata wa miaka 17.
- Shirikisho linataka mtoto awe na nambari ya Social Security. Minnesota inakubali ITIN, ya mzazi na ya mtoto.

Hilo la ITIN litie akilini. Mtu akikwambia kwamba bila Social Security hakuna kitu, anazungumzia ya shirikisho.

Mtoto lazima awe ameishi nawe hapa Marekani zaidi ya nusu ya mwaka. Watoto walio Nakuru kwa bibi yao hawahesabiki, hata kama karo, chakula na viatu vyote unatuma wewe. Inauma, najua. Kwa familia zilizotoka kambini, Nyarugusu au Kakuma, angalia tarehe ya kuingia: mlioingia Septemba, mwaka huo watoto hawajafikisha nusu, mwaka unaofuata mnadai kama wengine. Mtoto aliyezaliwa hapa tarehe 30 Desemba, kwa upande mwingine, anahesabiwa kama ameishi nawe mwaka mzima.

4. Kwenye fomu hiyo hiyo, dai krediti ya familia zinazofanya kazi

Ni asilimia 4 ya dola 8,750 za kwanza za mapato ya kazi, yaani isizidi dola 350. Kuna nyongeza kwa mwenye watoto wakubwa, waliofika miaka 18 au zaidi, ambao bado wanahesabika kuwa tegemezi wake kwa kanuni za krediti hii: dola 925 kwa mmoja, 2,100 kwa wawili, 2,500 kwa watatu au zaidi. Hizi ni namba za 2023, zinapanda kidogo kidogo.

Krediti hizi mbili hujumlishwa, halafu hupunguzwa mapato yakizidi kiwango. Mwaka 2023 kiwango kilikuwa dola 35,000 kwa wanandoa wanaojaza pamoja na 29,500 kwa wengine, na kila dola iliyozidi ilikata senti 12. Tuipige.

Baba na mama wenye watoto wa miaka 5, 9 na 17, mapato ya pamoja dola 45,000:

Watoto 3 × 1,750 = 5,250
Jumlisha ya kazi: 350, inakuwa 5,600
Mapato yamezidi kwa 10,000. Asilimia 12 yake ni 1,200
Wanapata dola 4,400

Mama peke yake, watoto wawili, mapato dola 28,000: 3,500 na 350, jumla dola 3,850, bila kupunguzwa chochote. Ile familia ya kwanza ingeendelea kupata kitu hadi mapato yakaribie dola 81,600. Kwa hiyo usijiondoe mapema kwa kudhani unapata fedha nyingi mno.

Kwenye ritani kuna mahali pa kuomba sehemu ya krediti ya watoto ya mwaka unaofuata ilipwe mapema, kwa mafungu. Mimi huwaambia watu wafikirie maisha yao kwanza. Kama mtoto anahamahama kati yako na mzazi mwenzako, au mnapanga kuhama jimbo, subiri upokee yote mara moja. Fungu ulilokula mapema bila kustahili linaweza kudaiwa.

5. Mpangaji, dai ya pango

Kiswahili kimetuchezea hapa, kwa sababu kodi ni ya serikali na kodi ni ya nyumba. Ajabu ni kwamba sheria ya Minnesota inaona hivyo hivyo: inahesabu asilimia 17 ya pango lako kuwa ni kodi ya ardhi ambayo mwenye nyumba anailipa kwa mfuko wako, na kama mapato yako si makubwa inakurudishia sehemu.

Zamani mpangaji alijaza fomu M1PR peke yake na fedha zilikuja baadaye sana. Kuanzia mwaka wa kodi 2024 imekuwa krediti ndani ya ritani ya mapato, unajaza M1RENT na kuiambatanisha na M1. M1PR imebaki kwa wenye nyumba. Kwa mwaka 2024 mapato yalitakiwa yawe chini ya dola 75,390, na cha juu kabisa kilikuwa dola 2,640.

Mambo matatu kuhusu CRP:

Wapangaji wazima wasio wanandoa hupewa kila mmoja yake, na pango hugawanywa sawa kwa sawa bila kujali nani alilipa. Mjomba anayelipa pango lote wakati jina la mpwa wake liko kwenye mkataba atapata nusu tu kwenye karatasi. Wanandoa wanaoishi pamoja hupata moja.

Kama sehemu ya pango inalipwa na serikali, kwa mfano Section 8, unahesabu uliyolipa wewe tu.

Ukiandikwa kama tegemezi kwenye ritani ya mwingine, huwezi kudai. Vijana wa chuo, muulizeni mama kwanza kabla ya kujaza zenu.

6. Gharama za shule, fomu M1ED

Krediti hii inarudisha asilimia 75 ya gharama zinazokubalika, isizidi dola 1,500 kwa mtoto, kwa watoto wa chekechea hadi darasa la 12. Ili ufike juu kabisa lazima uwe umetumia dola 2,000 kwa mtoto huyo. Mwaka 2023 familia yenye mapato hadi dola 70,000 ilipata bila kupunguzwa.

Vinavyokubalika: madaftari na vifaa vya darasani, mwalimu wa ziada mwenye sifa, masomo ya muziki, kukodi ala ya muziki, kompyuta (hadi dola 200 kwa familia nzima). Visivyokubalika: ada ya shule ya binafsi, mafunzo ya dini, masomo uliyomlipa babu, mzazi au kaka wa mtoto. Kwa hiyo ada ya madrasa au ya shule ya Jumapili iache. Ada ya shule ya binafsi ina mahali pake kwingine: unaweza kuiondoa kwenye mapato, hadi dola 1,625 kwa mtoto wa chekechea hadi darasa la 6 na 2,500 kwa wa darasa la 7 hadi 12. Hiyo ni ya kupunguza mapato, si krediti, na ukikumbuka hesabu ya mwanzo utajua kwa nini haileti furaha kubwa.

Gharama moja haidaiwi mara mbili. Na risiti usitupe. Picha kwenye simu inatosha kukukumbusha, lakini wino wa risiti za dukani hufutika, kwa hiyo piga picha siku ile ile.

7. Angalia hali ya ndoa uliyoandika

Ukurasa huu mmoja ndio huwaletea watu barua. Kama mmeoana na mnaishi pamoja, hakuna kati yenu anayeweza kujaza kama asiye na ndoa, wala kama mkuu wa kaya. Mbinu ya mume achukue watoto wawili na mke wawili, kila mmoja ajiite mkuu wa kaya, naisikia kila mwaka. Ni udanganyifu, na ukikamatwa utarudisha fedha pamoja na faini. Kujaza mbalimbali kwa wanandoa nako kwa kawaida kunakunyima krediti ya hatua ya 3 na ya 4.

8. Chagua wa kukujazia kwa macho makavu

Vituo vya VITA hujaza bure kwa watu wa mapato ya chini na ya kati, wanaojaza ni wa kujitolea waliofanya mtihani wa IRS. Hapa kwetu Prepare + Prosper ya St. Paul inajulikana, na wazee wana Tax-Aide ya AARP, shirika la wazee. Weka miadi mapema, Februari hujaa haraka.

Ukienda kwa wa kulipwa, ondoka mara moja ukiona lolote kati ya haya: anataka asilimia ya marejesho, hataki kutia saini kama mtayarishaji, anaomba marejesho yaingie kwenye akaunti yake, au anakuahidi kiasi kabla hajaona W-2. Niliwahi kuona ritani ya jamaa ambayo mtayarishaji alimbunia biashara ya nywele. Jamaa ni dereva wa lori. Aliyedaiwa baadaye ni jamaa, mtayarishaji alikuwa amekwisha kubadilisha nambari ya simu. Ritani ikishatiwa saini yako ni yako, hata kama hukuisoma.

9. Tuma, weka nakala

Tarehe ya mwisho kwa kawaida ni 15 Aprili. Chagua kuingiziwa benki. Hifadhi nakala nzima, ya shirikisho na ya jimbo, mahali ambapo hata ukihama ghafla utaikumbuka.

Mambo madogo yanayoharibu kazi

Fedha unazotuma nyumbani hazipunguzi kodi. Harambee ya msiba, ya harusi, ya kununua basi la kwaya kule Kisii: hapana. Mchango unaokubalika ni wa shirika lililosajiliwa Marekani kama la hisani.

ITIN ambayo haijatumika kwenye ritani ya shirikisho miaka mitatu mfululizo hufa. Ifufue kwa fomu W-7 kabla au pamoja na ritani. Usitume pasipoti yako halisi kwa posta kama unaweza kuepuka. Tafuta wakala aliyeidhinishwa na IRS kuthibitisha nyaraka, akurudishie papo hapo.

Majina. Kadi ya Social Security ikisema jina la babu ndilo la ukoo, andika hivyo hivyo, hata kama kazini wanakuita vingine. Wengi waliotoka kambini wamepewa tarehe ya kuzaliwa 1 Januari. Mkiwa ndugu watano wenye tarehe moja, kosa la kuchanganya nambari za watoto ni rahisi mno. Soma kadi moja moja kwa sauti huku mwingine akiangalia skrini.

Ukikwama

Mwenye nyumba hanipi CRP.
Mwandikie ujumbe wenye tarehe, ili uwe na ushahidi. Ikifika 1 Machi bado hajatoa, pigia Idara ya Mapato ya Minnesota uombe hati ya kiapo ya pango inayoitwa RPA. Uwe na anwani ya nyumba, jina la mwenye nyumba na uthibitisho wa malipo yako mkononi. Kama ulikuwa unalipa taslimu bila risiti, anza leo kulipa kwa hundi au kwa benki.

Ritani imekataliwa, wanasema mtoto ameshaandikwa.
Mtu mwingine amemtumia. Mara nyingi ni mzazi mwenzako, na wakati mwingine ni shangazi "aliyesaidia". Usimfute mtoto ili ritani ipite. Kama aliishi nawe zaidi ya nusu ya mwaka, wasilisha tu, ikibidi kwa karatasi, na uandae barua ya shule au ya daktari yenye jina la mtoto na anwani yako. Uchunguzi utachukua muda.

Sikujaza miaka iliyopita. Nimechelewa?
Minnesota inakuruhusu kudai ndani ya miaka mitatu na nusu tangu tarehe ya mwisho ya awali. Ya mwaka 2023 ilitakiwa 15 Aprili 2024, kwa hiyo mlango wake unafungwa 15 Oktoba 2027. Kama ulijaza lakini ukasahau krediti, tumia fomu ya marekebisho, M1X. Ya shirikisho muda wake ni mfupi zaidi, miaka mitatu, kwa hiyo anza na hiyo.

Marejesho yamekuja pungufu.
Barua inakuja nyuma yake ikieleza. Sababu ninazoziona mara nyingi ni deni la zamani, bili ya hospitali ya umma, matunzo ya mtoto, au hesabu iliyorekebishwa na Idara. Isome yote, au iletwe kwa anayejua kuisoma, kabla ya kumlaumu aliyekujazia. Ukiona wamekosea, una haki ya kukata rufaa, na barua yenyewe husema siku ngapi unazo.

Nilipata hela za jimbo 2023 na sasa naulizwa kuhusu 1099.
Ile fedha ya mara moja ya 2023, dola 260 kwa mtu na hadi 1,300 kwa familia, Minnesota haikuitoza kodi, lakini IRS ilisema inatozwa kodi ya shirikisho, ndiyo maana jimbo lilituma 1099-MISC. Kama hukuiandika, rekebisha ritani ya shirikisho ya mwaka huo.

Nimepata barua inayotaka nithibitishe mimi ni nani. Ni matapeli?
Inawezekana ni ya kweli. Idara hutuma barua za posta kuthibitisha utambulisho kabla ya kutoa marejesho, na usipojibu fedha zinakaa palepale. Usifungue kiungo chochote kilichokuja kwa ujumbe wa simu. Ingia kwenye tovuti ya Idara mwenyewe kwa kuandika anwani yake, au piga nambari iliyo kwenye tovuti hiyo, useme umepokea barua. Na kama ulihama baada ya kuwasilisha, wape anwani mpya siku hiyo hiyo, kwa sababu barua hiyo imelala kwenye sanduku la nyumba yenu ya zamani.